Hita ya Maji Imegoma: Namna ya Kuitafuta Hitilafu na Kuitengeneza Nyumbani

Kipupwe kikiingia, kusi likaanza kuvuma mwezi wa Juni na Julai, ndipo hita zilizokaa kimya miezi mingi zinapowashwa, na ndipo mafundi wanapotafutwa kila mtaa. Mzazi anataka maji ya kukandwa, mzee anataka ya vuguvugu ya kutawadhia alfajiri, mgeni wa chumba cha juu analalamika. Fundi anakuja, anaitazama hita, anasema "elementi imekufa", yaani ile koili ya ndani inayopasha maji. Inanunuliwa elementi mpya, inafungwa, na maji yanatoka baridi vilevile. Pesa nyingi hupotea hapo, kwenye kununua kifaa kabla ya kupima.

Unguja na Pemba hita zina maadui wake maalumu. Maji yetu mengi hutoka ardhini, katika mawe ya chokaa, na huko maweni, kuanzia Makunduchi hadi Nungwi, kisima kikiwa karibu na pwani huwa na chumvi pia. Umeme nao hushuka jioni watu wanapopika. Kwa hiyo maji ndiyo yanayoiua hita, na umeme mdogo ndio unaomdanganya mwenye nyumba kwamba imekufa. Ukiyashika hayo mawili, hitilafu nyingi utazijua kabla hujafungua skrubu hata moja.

Ujue kwanza hita uliyo nayo

Hita ya tangi ni ile inayotundikwa ukutani, ya lita 15, 30, 50 au 80, na elementi yake aghalabu ni ya wati 1,200 hadi 2,000. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu hiyo. Shawa ya umeme haina tangi. Hupasha maji yanapopita, na hula umeme mwingi kwa muda mfupi, wati 3,500 hadi 5,500 na zaidi. Ya tatu ni hita ya jua, iliyozoeleka zaidi kwenye hoteli na nyumba za wageni za pwani.

Tafuta kibati au karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa hita. Pameandikwa wati, volti na shinikizo la juu linaloruhusiwa. Kipige picha kwa simu, maana bila namba ya wati vipimo vya mbele havitakuwa na maana.

Kabla ya kugusa chochote

Umeme kukatika si kuzima umeme. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kwetu ni desturi: umeme ukienda, mtu anaona hiyo ndiyo fursa ya kufungua kifuniko cha hita. Hakuna anayejua utarudi saa ngapi, na ukirudi vidole viko ndani. Shusha breka ya hita mwenyewe, chomoa plagi kama ipo, kisha bandika tepu juu ya breka na uwaambie waliomo ndani wasiiguse.

Sasa hakikisha. Tesita ya bisibisi yenye kitaa inasaidia, lakini kitaa chake hufa bila kukuarifu. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha iguse kwenye vituo vya nyaya vya hita, kisha irudishe tena kwenye soketi ileile. Ikiwaka, isipowaka, ikawaka tena, endelea. Mita ya kupimia, ile malitimita ya kawaida, ni bora zaidi, na bila hiyo mambo mengi humu utabaki unabahatisha. Hata ya bei ndogo inatosha kupima omu, yaani ukinzani wa umeme.

Ukiwa huijui kazi ya umeme kabisa, fanya zile hatua za kutazama, kusikiliza na kufungulia maji, halafu za nyaya umwachie fundi umeme. Huwezi kujifunzia umeme katika chumba cha kukogea chenye sakafu mbichi.

Maji hayapati moto hata kidogo

Anza na la kuchekesha: angalia kama uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zimo, na kama breka ya hita iko juu. Kisha itazame taa ya hita. Kwenye hita nyingi za tangi, taa ikiwaka maana yake umeme umefika na themostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, inauruhusu uende kwenye elementi. Taa ikiwaka kwa saa 2 na maji yakabaki baridi, mashaka ni ya elementi. Taa isipowaka huku maji baridi, umeme haufiki, au themostati imekata.

Umeme usipofika, ikague swichi ya hita na plagi kabla ya hita yenyewe. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwa muda mrefu mfululizo, na hapo plagi dhaifu ya pini tatu au skrubu iliyolegea hupata moto, huyeyuka na kunuka. Ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia, badilisha plagi pamoja na soketi yake. Ukibadilisha kimoja tu, kibovu kitakiunguza kipya. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16 au 20.

Umeme ukiwa unafika, zima tena, fungua kifuniko cha chini, upige picha nyaya zilivyokaa. Utaiona themostati, mara nyingi ni fimbo iliyozama ndani au kifaa chenye mrija mwembamba wa shaba. Juu yake kuna kitufe kidogo cha usalama ambacho huruka maji yakizidi moto, karibu na digrii 85 au 90. Kibonyeze. Ukisikia mlio wa "tak", kilikuwa kimeruka.

Wengi hufurahi wakaishia hapo. Lakini kitufe hakiruki bure. Ama themostati imeganda na haikati tena, ama chokaa imeifunika elementi, ama hita iliwaka bila maji ya kutosha. Kikiruka mara ya pili katika siku chache, badilisha themostati na ukague ndani. Na ukimkuta fundi ameunganisha waya kuupita usalama huo ili "hita isisumbue", muondoe kazini. Tangi lililofungwa, lisilo na kitu cha kukata umeme, valvu yake ya usalama, ile inayotoa shinikizo, ikiziba linaweza kupasuka kwa kishindo cha kubomoa ukuta.

Kupima themostati: chomoa nyaya zake, weka mita kwenye omu, gusa sehemu ya kuingilia na ya kutokea maji yakiwa baridi. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha kwamba njia imekatika hata baada ya kubonyeza kitufe, imekufa.

Kisha elementi. Chomoa nyaya zake zote mbili, weka mita kwenye omu 200, gusa ncha mbili. Kwa umeme wetu wa volti 230, elementi nzima ya wati 1,200 husoma kama omu 44, ya wati 1,500 kama 35, ya 2,000 kama 26, na ya 3,000 kama 18. Omu mbili tatu pungufu au zaidi si neno. Mita ikionyesha 1 pekee upande wa kushoto, au OL, koili ya ndani imekatika na hapo ndipo unapokwenda kununua elementi.

Maji ni vuguvugu tu, au yanachelewa

Hapa ndipo elementi nzima hutupwa jalalani. Nguvu ya elementi haipungui sawasawa na volti, hupungua kwa mraba wake. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, hita ya wati 1,500 inabaki na kama wati 920 tu. Lita 50 za maji ya digrii 27 zinazotaka saa moja na robo kufika digrii 60, sasa zinataka saa 2 na zaidi. Hita haina ubaya wowote, na umeme mdogo hauidhuru elementi, unakuchelewesha tu. Pasha maji mchana, au usiku watu wakishalala.

Ila pima usije ukawasingizia watu wa umeme. Soma volti kwenye soketi ya chumba hita ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Ikishuka volti 5 hivi, sawa. Ikitoka 225 ikaenda 195 pale pale unapowasha, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea, pengine ndani ya nyumba yako, na kiungo hicho kinapata moto sasa hivi unaposoma. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na isingoje wiki ijayo.

Umeme ukiwa mzuri na maji bado vuguvugu, jaribu hili lisilo na gharama. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua mfereji wa maji moto. Maji yakiendelea kutoka, basi kuna mahali maji baridi yanavuka kwenda upande wa moto bila kupita kwenye hita. Mara nyingi ni mfereji wa kuchanganyia ambao washa yake, kile kipira cha ndani cha kuzibia, imekwisha. Mwingine anayesahaulika ni ule mpira wa chooni wa kutawadhia, uliofungwa kwenye mfereji wa kuchanganyia: mtu akiachia kidole tu bila kufunga mifereji, baridi na moto vinakutana humo mchana kutwa.

Themostati isizidi digrii 60. Chini ya hapo sana, 40 au 45, tangi huwa mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana; juu ya hapo chokaa huganda haraka na mtoto anaweza kuungua.

Breka inakata, au mfereji unapiga shoti

Breka ikikata mara tu unapowasha, kuna shoti, aghalabu kwenye nyaya au ncha za elementi zilizorowa. Ikikata baada ya dakika kadhaa, na hasa ikiwa ni ile breka ya usalama inayohisi umeme unaovuja, yenye maandishi 30 mA na kitufe cha kujaribia, elementi imetoboka na umeme unapita kwenye maji.

Kupima: nyaya za elementi zikiwa zimechomolewa, weka mita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, ncha moja kwenye elementi, nyingine kwenye bati la tangi lililokwanguliwa rangi. Isisome kitu. Ikisoma chochote chini ya omu milioni 1, elementi inavuja. Jua pia kwamba iko elementi inayopita mtihani ikiwa baridi na kuvuja ikipata moto. Breka ikiendelea kukata baada ya kila kitu kuonekana kizima, badilisha elementi hiyo.

Ukigusa mfereji ukahisi kutekenywa, hiyo si "umeme kidogo tu". Zima hita na isiwashwe mpaka mambo matatu yawepo: elementi isiyovuja, waya wa ethi uliofika kweli ardhini, na breka ya 30 mA. La pili ndilo gumu kwetu. Mwamba wa matumbawe, ukiwa mkavu, haupitishi umeme vizuri, na fimbo fupi iliyokitwa katikati ya mawe inaweza kuwa pambo tupu. Nyumba nyingi kongwe hazina ethi kabisa. Mwambie fundi aipime ethi kwa chombo chake. Jibu la kwamba "waya upo" usilikubali.

Chokaa, chumvi, na kufungua tangi

Maji ya ardhi ya chokaa yanapopashwa, ile chokaa iliyoyeyuka ndani yake huganda na kukamata elementi. Utaisikia kabla hujaiona: hita inavuma na kupasukapasuka kama sufuria ya bisi. Elementi iliyovikwa chokaa haiwezi kutoa joto lake, inazidi moto ndani na kupasuka. Kwa maji ya visima vyetu, naona mara moja kwa mwaka ndiyo kiwango cha chini cha kufungua tangi na kulisafisha. Kwenye maji ya chumvi fanya kila miezi 6.

Nunua mapema gasketi mpya (mpira wa kuzuia kuvuja) ya hita yako na fimbo mpya ya magnesiamu. Fimbo hiyo huwekwa ndani ya tangi ili iliwe yenyewe badala ya chuma, na maji yakiwa na chumvi huliwa haraka.

1. Zima umeme kama tulivyoeleza. Fungulia mfereji wa moto hadi maji yatoke baridi.
2. Funga koki ya maji baridi yanayoingia. Acha mfereji wa moto wazi ili hewa iingie, la sivyo maji hayatashuka.
3. Funga mpira kwenye mahali pa kutolea maji, au inua kijiti cha valvu ya usalama, maji yaende kwenye ndoo. Lita 50 ni ndoo mbili na nusu za lita 20, na mwanzoni yatatoka na matope ya chokaa.
4. Chomoa nyaya na themostati. Kinga beseni chini, legeza bolti za sahani ya elementi kidogo kidogo kwa kukingamana, siyo moja hadi mwisho. Ikinata, izungushe taratibu, usiipige nyundo.
5. Chomoa elementi na fimbo. Kwangua chokaa kwa kijiti au plastiki. Bisibisi hukwaruza ganda na huko ndiko kutu inakoanzia.
6. Iloweke elementi kwenye ndoo ya plastiki yenye siki nyeupe au maji ya asidi ya ndimu ya dukani, ncha za umeme zibaki juu, hadi povu lipungue. Usichanganye kamwe na dawa ya kufulia ya klorini: hutoa hewa ya sumu. Asidi kali ya kusafishia vigae nayo iache, inakula chuma.
7. Ingiza mkono au mpira ndani ya tangi, toa chokaa iliyolala chini, osha mpaka maji yawe meupe.
8. Fimbo ya magnesiamu ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati unaonekana, weka mpya.
9. Futa mahali pa gasketi, weka mpya, kaza bolti kwa kukingamana tena.
10. Fungua maji mfereji wa moto ukiwa wazi. Yatatoka kwa kukohoa. Ngoja hadi yatiririke bila hewa. Kagua kama panavuja, rudisha themostati na nyaya kwa kufuata picha uliyopiga, funga kifuniko, ndipo upandishe breka.

Hatua ya 10 si ya kuharakisha. Elementi iliyowashwa kwenye tangi tupu huungua kwa muda mfupi sana, na kwetu hilo hutokea hata bila hita kufunguliwa. Maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, yakikosekana na tangi la juu likakauka, mtu hufungua mfereji wa moto "kuangalia". Hewa inaingia juu, na kama hakuna valvu ya kuzuia maji kurudi, maji ya hita yanashuka yote kupitia paipu ya baridi hadi mfereji wa chini. Saa mbili baadaye umeme umewaka kwenye tangi kavu. Hakikisha valvu hiyo ipo kwenye paipu ya kuingilia. Kwenye hita nyingi imo pamoja na valvu ya usalama. Na siku ya uhaba wa maji, breka ishuke.

Maji yanadondoka

Tafuta yanakotoka kabla ya kukaza kitu. Matone kwenye valvu ya usalama wakati hita inapasha ni kawaida: lita 50 zikipanda kutoka digrii 27 hadi 60 zinatanuka zaidi ya nusu lita, na lazima zipite pahala. Valvu ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, inua kijiti chake mara kadhaa kutoa chembe ya chokaa, isipoacha, badilisha. Usiizibe, hata kwa saa moja.

Yakitoka kwenye kiungo cha paipu, fungua, futa, zungushia tepu nyeupe upya kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kaza. Yakitoka kwenye sahani ya elementi, ni gasketi. Yakitoka mwilini mwa tangi, kwenye mshono au kwa kutu inayochuruzika, hakuna gundi wala welding itakayokufaa. Nunua jingine.

Ukiwa Mji Mkongwe, ukibadilisha tangi utazame ukuta. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, na plagi ya kawaida ya ukutani ya kushikia skrubu huchomoka. Tangi la lita 50 likijaa linapita kilo 60. Litengenezewe fremu ya chuma inayosimama sakafuni, au bolti zipite ukuta kama upande wa pili unaruhusu.

Harufu na rangi

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye maji ya moto tu husababishwa na vijidudu vinavyosaidiwa na fimbo ya magnesiamu. Osha tangi, pasha hadi digrii 60 kwa saa kadhaa, kisha umwage. Ikirudi, weka fimbo ya aluminiamu. Rangi ya kutu kwenye moto tu maana yake tangi linaliwa na fimbo imekwisha. Ikiwa baridi pia yana rangi, hita haina kosa.

Shawa ya umeme

Isipopasha, mara nyingi maji ndiyo hayana nguvu. Ndani kuna mpira mwembamba unaosukumwa na maji ili kuwasha, na tangi lililokaa mita moja juu ya shawa halina msukumo wa kutosha. Safisha kwanza kichujio cha kuingilia na matundu ya kichwa, yamejaa mchanga na chokaa. Kisha fikiria kulipandisha tangi au kuweka pampu ndogo. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24: ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, wa milimita za mraba 6, na breka ya 32. Kuichomeka kwenye soketi ni kutafuta moto.

Maji yakiwa ya chumvi, usifunge shawa yenye koili iliyo wazi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko ya kawaida, na koili yenyewe haimalizi msimu. Ziko zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake ikiwa ndani ya ganda. Ulizia hiyo kwa jina hilo.

Hita ya jua

Haina mengi ya kuharibika. Mirija ya kioo ikigeuka myeupe kama maziwa upande mmoja, ombwe lake limetoka, badilisha mrija huo pekee. Ile ambayo maji hupita ndani ya mirija, ijaze usiku au alfajiri. Maji baridi yakiingia mirija mitupu saa sita mchana, kioo hupasuka. Na kabla ya kuiweka juu ya paa la Mji Mkongwe, zungumza kwanza na Mamlaka ya Hifadhi.